Swali la Mkuu wa Kaya

Mwaka 1999, katika ofisi ya kugawa viwanja mjini Gisenyi, Akaliza alikuwa akitengeneza programu ya kompyuta ambayo karani angeitumia bila kuiogopa. Ile ya kwanza, iliyoachwa na wataalamu wa kupita, ilikuwa na visanduku vingi kuliko mifuko ya suruali ya mwanajeshi, na makarani wakichoka walibonyeza "haijulikani" mpaka chini. Akaliza, aliyesomea kazi hiyo Mwanza walikokimbilia wazazi wake, alikuwa na namna yake: aliketi nyuma ya karani, akatazama kidole kinakwama wapi, na pale kilipokwama akafuta kitu. Mwishowe yakabaki majedwali matatu, watu, kaya na viwanja, na maswali ya ukurasa mmoja. "Haijulikani" aliiondoa. Mkuu wa kaya ama yupo, ama yuko safarini, ama amefariki.

Ilikwenda vizuri mpaka ilipofika kaya yake mwenyewe.

Mkuu wa kaya hiyo aliandikwa Gentil, mumewe. Gentil alikwenda Kanama kununua maharage miaka miwili nyuma, barabara ikiwa na vita, na hakurudi. Mwili haukuonekana. Mama mkwe, Verediane, alimwambia karani kwamba mwanawe yuko safarini. Kaya ambayo mkuu wake yuko safarini, programu iliiweka kando imsubiri. Viwanja vilikuwa vinagawiwa wiki ile, na wanawake hao wawili walikuwa wakilala chini ya turubai mtaa wa Mbugangari.

"Bonyeza amefariki," alisema Benon, mkubwa wake. "Kanuni uliiandika wewe."

"Niliiandika, bosi."

Jioni Akaliza alimkuta Verediane akichambua maharage.

"Tukimwandika amefariki tunapata kiwanja, mama."

"Bon. Na kilio tulifanya siku gani? Majirani walikuya kuota moto hapa? Mutu hawezi kufa ku mashini mbele ya kufa ku nyumba yake."

"Turubai linavuja."

"Iko inavuja, ninaona. Mi niko na macho."

Akaliza alingoja uchungu umpande, kama watu wanavyosema hupanda. Haukupanda. Alichukua ungo wa pili akaanza kuchambua.

Asubuhi alifungua kaya yake, akaweka kidole juu ya kitufe. Kilikwama. Alikitazama kama angekitazama cha karani yeyote, kisha akafuta swali la mkuu wa kaya. Mahali pake akaandika: "Nani ameamka katika nyumba hii leo?" Mtu mzima wa kwanza kutajwa ndiye angepewa kiwanja.

Benon aliijaribu kwa kaya kadhaa zilizowekwa kando. Zikapita zote, na ya Akaliza ikiwemo.

"Hii hata mimi naiweza," alisema. "Kwa nini hukuanza hivi?"

Akaliza alifungua kaya iliyofuata.

Siku ya kuoneshwa kiwanja walikuta vigingi vinne na udongo mweusi wenye mawe ya volkano. Verediane alizunguka mara moja.

"Na Gentil mulimuweka wapi?"

"Sikumweka popote, mama. Programu haimuulizi tena."

"Donc, kumbe ku mashini hakukufa."

"Hakufa. Wala hayupo hai. Hayumo tu."



"Sawa," alisema Verediane, akainama kuondoa mawe. Akaliza akaanzia upande wa pili.