Baiskeli ya Matairi Matatu Niliyomchagulia Bibi

Bibi yangu aliingia mtaroni kichwa kikiwa mbele, baiskeli ikamfuata juu yake, na tairi moja la nyuma likaendelea kuzunguka hewani kama vile safari bado ipo.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Lakini kwanza mnijue.

Naitwa Jelmer. Kwenye mambo ya baiskeli, wanangu, mimi ni habari nyingine. Huku kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, mtoto anaendesha baiskeli kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi naendesha bila kushika usukani, mkono mmoja viazi vya kukaanga, mwingine mwavuli, upepo unanipiga usoni, na mayonezi haidondoki.

Hakuna chenye pedali kilichowahi kunishinda.

Bibi Trynke ndiye aliyekuwa aibu ya ukoo. Hajui baiskeli. Huku kwetu ni sawa na kusema hujui kutumia kijiko.

Lakini si kosa lake. Alizaliwa kwenye boti ya kubeba mchanga, akaolewa kwenye boti nyingine ya kubeba mchanga, akamzaa mama yangu humo humo. Wenzake walipokuwa wanajifunza baiskeli barabarani, yeye alikuwa amefungwa kamba kiunoni asidondoke majini.

Nchi kavu alihamia uzeeni, Babu Wiebe alipoanza kusahau. Kwanza Babu alisahau majina ya madaraja. Halafu akasahau kupunguza mwendo akiyakaribia. Wakauza boti.

Sasa Babu yuko kwenye nyumba ya wazee, mji wa jirani. Mama yangu, Babu anamwita "dada muuguzi." Mimi ananiita "kijana wa dizeli."

Bibi tu ndiye aliyebaki kichwani mwake.

Anaingia chumbani, anasimama mlangoni, anasema, "Nahodha, kamba imefungwa."

Na Babu, popote akili ilipokuwa imetangatanga, anainua kichwa. "Vizuri, Trynke. Zima injini."

Basi. Hayo ndiyo maongezi yao. Lakini asipokwenda leo, kesho Babu anachelewa kujibu. Asipokwenda kesho, keshokutwa anamkodolea macho kwanza kama mgeni.

Kisha wakafuta basi la kijijini. Abiria hakuna, walisema.

Abiria mwenyewe alikuwa Bibi.

Mama ana zamu kwenye kiwanda cha jibini. Mimi leseni sina. Majirani walimbeba wiki za mwanzo, halafu kila mmoja akaanza kuwa na miadi ya daktari wa meno.

Siku moja tunakunywa kahawa, Bibi akasema, "Nataka baiskeli."

Nikapaliwa. "Bibi, wewe?"

"Ya matairi matatu. Usicheke na kahawa mdomoni."

"Bibi, utaumia."

"Jelmer, kuna siku nitamchelewea babu yako. Nitamkuta hayupo, na bado anapumua."

Kicheko kikanikatika.

Mama akasema, "Nenda naye dukani wewe. Wewe ndo unajua baiskeli."

Sikuambiwa mara mbili.

Mwenye duka anaitwa Hiske, dada mmoja mnene, mikono imejaa grisi na mdomo hauna breki. Akampa Bibi kila kilichokuwepo akikalie.

Bibi akazunguka, akakalia hiki, akashuka, akakalia kile. Mwisho akatulia kwenye kimoja cha chini, kiti kina egemeo kama cha sebuleni, pedali ziko mbele, miguu inagusa ardhi akiwa amekaa.

"Hiki kinanikaa," akasema.

"Ndicho hicho," Hiske akasema. "Uzito wote uko chini. Kwa mtu anayeanza, mama, hapo huanguki hata ukitaka."

Mimi nikatazama kile chombo. Nikatazama barabara. Nikawaona washkaji wote wamejipanga pale kwenye duka la viazi, Bibi anapita.

"Bibi, hilo ni kochi limewekewa pedali. Kijiji kizima kitacheka."

"Wacheke. Mimi nitakuwa nimeshafika."

"Angalia hii sasa." Nikavuta moja ya kijani. Ndefu, imesimama, nyuma ina keria pana. Ukiitazama kwa mbele, ni baiskeli kama baiskeli nyingine, yenye heshima zake.

Hiske akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya aliyezoea. Ni ndefu na nyuma ni nyembamba. Iingize kwenye kona kwa papara, itanyanyua mguu kama mbwa ameona nguzo."

"Dada, mimi nimezaliwa juu ya baiskeli. Tazama."

Nikapanda. Nikachapa pedali uwanjani. Nilipofika mwisho nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikalala na kona.

Mimi nililala. Baiskeli ikakataa kulala.

Ikaenda moja kwa moja hadi kwenye safu ya baiskeli za watoto. Zikaanguka zote, kengele zinalia kama harusi.

Hiske alicheka mpaka akashika meza. "Mjuzi! Kona hukuiona?"

Bibi akapanda yeye. Polepole, mgongo umenyooka. Kabla ya kona akapunguza mwendo, akaanza kugeuza usukani mapema, kama anaingiza boti bandarini. Akazunguka uwanja mzima. Akarudi. Akasimama alipotakiwa kusimama.

"Unaona?" Hiske akaniambia. "Yeye hana cha kusahau. Wewe kichwa kimejaa matairi mawili."

Sasa hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikampigia Mama simu, nikamwambia kwamba Bibi ameiendesha ya kijani kama mtoto, na lile lingine ni la wagonjwa. Mama akasema, "Haya, kama wewe umeiona."

Bibi akalitazama tena lile la chini. Akanitazama mimi.

"Haya, mjuzi," akasema. "Tuchukue lako."

Nisiwe mwongo, mwanzoni ilikwenda poa. Bibi alijifunza haraka kuliko nilivyotaka, maana nilikuwa nimeshaandaa utani wa wiki nzima. Anavaa kilemba chake cha plastiki cha mvua, anafuata barabara ya mferejini, anapita chini ya kibanda cha mlinda daraja, yule anayeinua daraja boti zipite, anafika kwa Babu nyusi zimelowa.

Siku ya kwanza Babu alimuuliza, "Umekuja na nini?"

"Na magurudumu matatu, Nahodha."

"Injini gani?"

"Miguu yangu."

Babu akacheka. Muuguzi alisema hajawahi kumsikia anacheka.

Halafu ikaja ile siku.

Baiskeli yangu ilikuwa na pancha, kwa hiyo nikawa nakimbia pembeni ya Bibi. Upepo wa magharibi unavuma. Tukafika kwenye kona kabla ya daraja, pale barabara inapoinamia mtaroni. Ghafla Bibi akashtuka, sijui aliona nini, akaachia usukani.

Baiskeli ikanyanyua mguu. Ikammwaga.

Mtaro haukuwa na kina. Maji yalinifika magotini. Lakini nyonga ya Bibi ilivunjika, na kichwa kiligonga ukingo. Alipozinduka hospitalini, asubuhi ile yote ilikuwa imefutika.

"Jelmer," akaniuliza, "nilifanya nini?"

"Uliachia usukani, Bibi."

"Mimi?"

"Wewe."

Akaitazama mikono yake juu ya shuka. "Nimeshika usukani wa boti kwenye ukungu, kwenye barafu, na mimba ya mama yako. Sijawahi kuachia."

"Umri, Bibi. Ndo hivyo."

"Ndo hivyo," akasema.

Kuanzia hapo mambo yakaporomoka, moja linasukuma lingine. Mama akasema hakuna tena baiskeli. Ya kijani ikauzwa kwa mtu wa mbali huko kusini. Kisha likaja swali la nyumba: mtu anayeshtuka na kuachia usukani, ataachwaje peke yake na jiko la gesi?

Nilidhani Bibi atapambana. Huyu mama aliwahi kumfukuza mkaguzi wa bandari na ufagio. Lakini akakubali.

"Kama mikono yangu imeanza kufanya mambo bila kuniambia," akasema, "nipelekeni."

Kwenye nyumba ya wazee anakokaa Babu hakukuwa na nafasi. Akapata nafasi mji mwingine, upande wa pili wa ziwa.

Alipoweza kukaa kwenye gari, tulimpeleka kwa Babu. Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni. Akajinyoosha. Akaweka sawa nywele.

"Nahodha, kamba imefungwa."

Babu akageuka. Akamtazama kwa adabu sana.

"Mama, umepotea?" akasema. "Bonyeza kengele, atakuja mtu akusaidie."

Bibi alirudia. Alirudia tena, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Halafu akaniambia, "Nigeuze."

Nikamgeuza.

Ikafika siku ya kuzaliwa kwa Bibi. Mnajua zetu: viti vinapangwa duara, kahawa, kipande cha keki, na kila anayeingia anazunguka kumpa mkono kila mtu, "Hongera kwa bibi yako, hongera kwa mama yako," mpaka mikono inachoka. Tulikaa kwenye ukumbi wa nyumba yake mpya ya wazee, mvua inapiga dirisha.

Akaingia Foppe.

Foppe alikuwa mlinda daraja, yule wa kwenye kibanda. Alikuwa anamfungulia Bibi daraja tangu enzi za boti. Alistaafu mara tu baada ya ile ajali, akahamia kwa binti yake. Akaingia na maua na sauti yake ya kuita meli.

"Trynke! Hongera, mwanamke wa chuma!"

"Chuma gani," Bibi akasema. "Kutu tupu."

"Wewe? Niliwasimulia wote kwa binti yangu!" Akakaa, akachukua keki yangu. "Siku ile nilikuona kutoka kibandani. Ukapunguza mwendo kabla ya kona, ukaanza kugeuza mapema, safi, kama unaleta boti darajani. Nikasema, huyo ndiye Trynke wangu. Ungepita kabisa. Tatizo ni ule mzigo uliokurukia nyuma."

"Mzigo gani?" Mama akauliza.

"Si huyu hapa?" Foppe akaninyooshea uma. "Amekimbia pembeni, amechoka, hop! Kajitupa kwenye keria. Na usukani Trynke bado ameushika. Waliingia mtaroni, bado ameushika! Mimi ndiye niliyepiga simu ya gari la wagonjwa. Nilijua mnajua."

Ndiyo. Niliruka, na hata nyie huko juu nimewapa ile ile hadithi ya kuachia usukani. Nilishaisimulia kwa watu wengi mpaka ikawa inatoka yenyewe.

Huku kwetu kijana haombi lifti. Unakimbia pembeni ya mwenzako, unaruka upande upande, unakalia keria, miguu inaning'inia. Mwenzako anayumba kidogo, anajirekebisha, mnaendelea na maongezi. Sijawahi kufikiria kabla ya kuruka, maishani mwangu. Lakini matairi matatu hayayumbi. Yanasimama, au yanapinduka.

"Foppe," nikasema, "kwa umbali ule, na macho ya umri wako..."

"Macho haya yamepitisha meli za watu usiku na mchana, kijana. Ulivaa koti la njano." Akageuza shingo. "Lile pale kwenye msumari."

Duara zima likageuka kulitazama koti.

Mama akaweka sahani chini.

"Jamani, nimesema kibaya?" Foppe akauliza.

Bibi hakunitazama. Aliinua mikono yake, akaitazama, hivi na hivi, kama vitu alivyorudishiwa.

"Kumbe sikuachia," akasema.

Akaomba apelekwe kwa Babu mchana ule ule. Foppe ndiye aliyeendesha gari. Mimi nilikaa nyuma.

Bibi akamshika Babu mkono, akamweleza yote, kona, upepo, mzigo wa nyuma, taratibu, kama nahodha anayemripotia nahodha mwenzake. Babu alimsikiliza hadi mwisho.

"Hongera, mama," akamwambia.

Kisha akageukia dirishani.

Nyumba ya Bibi sasa ina watu wengine. Lile kochi la pedali bado lipo dukani kwa Hiske, nimeliona juzi.

Mzee wako akikalia kitu akakwambia hiki ndicho kinanikaa, mnunulie hicho hicho na ufunge mdomo. Na akianguka, usimwambie ni mikono yake. Atakuamini.