Kigari Kilichogonga Kitenge cha Mama

Mama alikuja kukaa kwangu Mandewa baada ya macho yake kuzimika. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, likafuata la kulia, na tulipomfikisha hospitali daktari alisema mishipa imeshakufa, kilichobaki ni kumzoesha. Hakusema tumzoesheje. Kaka yangu alimleta kwa basi kutoka nyumbani kwake Kintinku, na begi lake na jogoo aliyefungwa miguu, akamkalisha kwenye kochi la karibu na dirisha, akanywa chai, akaondoka.

Kwenye kochi hilo mama akabaki. Nilipomwambia ajaribu kutembea mwenyewe humu ndani, alijibu, "Nisije nikavunja vitu vya watu." Vitu vya watu, na nyumba ni ya binti yake wa kumzaa! Nikawa namshika mkono kumpeleka chooni na kumrudisha. Nikiwa kazini, jirani yangu ndiye aliyepita kumwangalia. Jirani ni Mnyaturu, mama ni Mgogo, wakawa wanakutana kwenye Kiswahili, wanaongea habari za alizeti na mvua.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Karibu na likizo ya Juni shule yetu ilipata boksi la vifaa vya kuunda kigari kinachojiendesha na kukwepa vitu vilivyo mbele yake. Mkuu wa shule alinikabidhi akisema, "Mwalimu, kiunde kwanza wewe nyumbani. Tusije tukaaibika mbele ya wanafunzi." Sikumwambia kwamba sijawahi kuunda kitu cha namna hiyo. Fizikia niliyosoma mimi ilikuwa ya ubaoni.

Nilimwaga vifaa kwenye meza ya sebuleni: kipande cha plastiki chenye matundu, mota mbili za njano, magurudumu, bodi ndogo ya bluu, nyaya za rangi rangi, na sensa, kile kifaa cha kuhisi kilicho mbele, yenye vitu viwili vya mviringo mithili ya macho ya bundi. Mama akasikia vinavyogongana.

"Unapika nini?"

"Sipiki, mama. Naunda gari."

"Gari? La kupanda?"

"La kuchezea. Likikuta ukuta linageuka lenyewe."

"Kwa hiyo lina macho."

"Lina masikio. Jicho moja linatoa sauti ambayo sisi hatuisikii, la pili linasikiliza mwangwi ukirudi. Kama popo."

"Popo namjua," alisema, akaegemea kochi.

Kufunga mota na magurudumu kulikuwa kazi ya bisibisi na uvumilivu. Shida ilianza kwenye nyaya. Nilipowasha mara ya kwanza, kigari kilizunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia, kwa sababu mota moja nilikuwa nimeiunganisha kinyume. Nikabadilisha. Safari hii kikawa kinarudi nyuma tu, kinageuka, kinarudi nyuma tena, kama kinaogopa kitu ambacho sikioni. Nilihangaika nacho mchana kutwa, nikafungua programu kwenye kompyuta, nikaisoma mstari kwa mstari. Programu haikuwa na kosa. Nilikuwa nimepishanisha nyaya mbili za sensa, ule wa kutoa sauti na ule wa kupokea, kwa hiyo kigari kilidhani ukuta umekigusa pua muda wote.

Kesho yake asubuhi kilienda. Kilifika ukutani, kikasimama, kikageuka. Kikakwepa kabati, kikakwepa ndoo ya maji. Nilipiga makofi peke yangu, mtu mzima. Mama naye alikuwa amegeuza kichwa, anafuatilia mlio wa mota kona kwa kona. Kisha kigari kikanyooka kumwelekea na kumgonga miguuni.

Nikakiokota, nikakielekeza kwingine. Kilizunguka, kikamrudia, kikamgonga tena.

"Kila kitu kinakikwepa," mama alisema. "Mimi tu ndiye hakinioni."

Hakusema kwa utani. Nikazima swichi.

Mchana huo nilianza kukijaribu. Nikaweka boksi mbele yake, kikageuka. Nikaweka sufuria, kikageuka. Nilipotundika kanga kwenye kiti hadi chini, kikaenda moja kwa moja na kujifunika nayo. Hapo nikaelewa: kitambaa laini kinameza sauti, mwangwi haurudi. Nikamfuata mama haraka kama mwanafunzi aliyepata jibu.

"Mama, siyo wewe. Ni kitenge chako. Kitambaa kinakula ile sauti."

"Nikikipandisha kitaniona?"

"Tujaribu."

Akakikunja kitenge mpaka magotini, akabana miguu yake mikavu pamoja. Nikawasha. Kigari kilikuja, kikasita karibu kabisa na miundi yake, kikarudi nyuma, kikageuka. Mama alisikia ule mlio ukiondoka.

"Kimeniona!" akasema, akacheka mpaka akatafuta ncha ya kitenge kujifuta machozi. Tangu aletwe sikuwa nimemsikia akicheka.

Baada ya hapo kila asubuhi aliniomba nikiwashe. Alikiita mbuzi, kwa sababu hakitulii. Siku moja nilikiacha kikizunguka, nikatoka uani kumsaidia jirani kupiga vichwa vya alizeti. Ukipiga alizeti kwa fimbo huwezi kusikia kitu kingine. Niliporudi ndani, kochi lilikuwa tupu na glasi imevunjika sakafuni.

Nilimwita kwa sauti ambayo sasa naionea haya. Akaitikia kutoka chumbani kwangu. Nilimkuta amepiga magoti, mkono mmoja chini ya kitanda, na huko chini kigari kinanguruma, gurudumu limenasa kwenye mkanda wa begi.

"Kilikuwa kinalia," alisema. "Nimekuita, hukusikia. Nikaufuata mlio."

"Mama, umepita vioo na miguu mitupu!"

"Nimegusa kitu kikaanguka, nikashika ukuta, nikapita pembeni. Ilikuwa glasi?"

"Glasi tu."

"Basi fagia."

Hakuomba radhi, na mimi nilifagia kwa furaha ambayo sikumwonyesha. Jioni hiyo alikwenda chooni mwenyewe, akipapasa ukuta, na mimi nimekaa mezani najifanya nasahihisha mitihani. Ndani ya wiki alikuwa anafika mpaka kwa jirani.

Mafanikio hayo yalinipa kiburi. Nilitoa sensa kwenye kigari, nikaifunga kwenye fimbo pamoja na king'ora kidogo, ili ikikuta kitu mbele yake imlilie. Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Mama aliitumia siku chache, kisha akanirudishia.

"Inapiga kelele hata nikisimama kuongea na mtu. Jirani ananisalimia, yenyewe inamlilia kama mwizi. Nitafutie fimbo ya kawaida."

Iliniuma kidogo. Jirani akamletea fimbo ya mti aliyoichonga mumewe, nyepesi, yenye ncha ngumu, na ndiyo anayotembea nayo mpaka leo.

Mwezi wa nane mama alisema anataka kurudi Kintinku. Kaka alikataa kwenye simu, nami nikakataa. Mama alitusikiliza wote wawili, kisha akasema, "Hii nyumba nimejifunza nikiwa kipofu. Ile niliijenga naona. Mnadhani ipi itanishinda?" Nikamsindikiza kwa basi. Tulipofika alishuka, akasalimiana na wifi yangu kwa Kigogo kwa muda mrefu, akauliza mlango wa zizi uko wapi siku hizi maana walikuwa wameuhamisha, na akaenda kuupapasa.

Sensa niliirudisha mahali pake na kigari nikakipeleka shule. Wanafunzi wa kidato cha pili wamekifungua na kukifunga mara nyingi hadi skrubu zinalegea. Mama nampigia jioni. Juzi alikuwa anabangua karanga, akaniambia niseme haraka, mikono yake ina kazi.