Kikopo Kilichooshwa kwa Sabuni

Harufu ya sabuni ikichanganyika na ya ndagala waliokaushwa, wale dagaa wa ziwani, bado hunirudisha jikoni kwetu mjini Baraka, asubuhi ile mama alipokuwa akisugua kikopo cha kituo cha afya. Alikuwa akitibiwa kifua kikuu. Vidonge vilikuwa vimemrudishia mwili, na sasa alitakiwa kupeleka makohozi yapimwe tena, ijulikane kama ugonjwa unakwisha kweli. Lakini mama yangu na makohozi, jamani! Kwetu kukohoa na kutema ilikuwa tabia ya walevi. Angempaje munganga wa kituo, mtu wa heshima, uchafu wa kifuani? Akasukutua kwa chumvi, akatema mate safi kama maji, akakifunika kikopo kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nikakibeba kama chakula cha mgeni.

Kituoni benchi lilijaa wanawake wa sokoni, walionunua ndagala kwa mama. Munganga alifunua, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni mate tu. Mi nilikuomba makohozi. Enda nyuma ya nyumba, kohola kwa nguvu, sisi wote tusikie!"

Benchi likaangua kicheko. Mama akajitanda kitenge mpaka puani, akasema, "Ndiyo, munganga, nitarudi," tukaondoka. Njiani nilimwacha atangulie, nionekane si mtoto wake. Niliona aibu.

Hakurudi. Wala dawa hakuzifuata tena, maana angeulizwa kikopo kiko wapi. "Mi nimepona," alituambia, na kwa jinsi alivyonenepa, nani angembishia? Mvua zilipoanza, kikohozi kilimshika katikati ya soko, damu ikawamwagikia ndagala wake, na wanawake wale wale wa benchini wakavuta watoto wao nyuma. Aibu aliyoikimbia ikamkuta mbele ya Baraka nzima. Alianza matibabu upya, marefu kuliko yale ya kwanza. Alipona, lakini pafu moja lilikuwa limeharibika, na kikapu cha ndagala hakukibeba tena.

Mwaka huu zamu ya kuugua kifua kikuu imekuwa yangu. Kituo kimepakwa rangi mpya, ila benchi bado linajaa watu wanaokutazama. Mama alinisindikiza siku ya kipimo, akisimama kila mara kuvuta pumzi. Nilipopewa kikopo, mkono wangu ulianza kutafuta kitambaa. Akaniona. Akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya nyumba, kisha kwa pumzi yake ile fupi akapaza sauti, benchi lote lisikie:

"Kohola, mwanangu! Usisikie haya. Kohola na yale makohozi mi nilikataa kutoa."

Nikakohoa.