Mkalimani wa Benchi la Mbele

Mkalimani wetu wa lugha ya alama husimama kando ya mimbari, mbele ya benchi la viziwi, mikono ya blauzi ameikunja hadi viwikoni. Hajawahi kuongeza lake. Mchungaji akisita ili akohoe, naye hungoja, viganja vimetulia tumboni. Ukimsifu baada ya ibada hucheka tu: "Mimi bomba, ndugu yangu. Maji si yangu."

Jumapili ile somo lilikuwa anguko la Adamu. Alisimamisha vidole viwili kiganjani kama miguu ya mtu, kisha akaviangusha chali. Mchungaji akaeleza jinsi dhambi ya mmoja ilivyotuingia sote, hata mtoto aliyezaliwa jana, na kila alipotaja anguko, vidole vilianguka tena. Ndipo bibi mmoja kiziwi, aliyekuwa amemzika mjukuu mchanga kabla hajabatizwa, akainuka na kuuliza jambo kwa mikono. Mkalimani akampa sauti, sauti nene ambayo hatukujua kama anayo: "Bibi anasema, tumelala chini asubuhi nzima, mimi na mjukuu wangu. Tunainuka lini?"

Mchungaji alimtazama bibi, akazifunga karatasi zake. "Leo hii, bibi. Wewe na yeye. Maana kama Adamu alituangusha sote, basi Kristo..."

Mkalimani hakumngoja amalize. Vidole viliruka vikasimama wima, huku machozi yakimtiririka, na benchi zima la viziwi likasimama, likipunga mikono juu, ndiyo makofi yao. Sisi wenye masikio ndio tuliochelewa.