Mayai yangu yaliwalaza wanakwaya, lawama akabeba Mama Aline

Wakuu, heshima yenu. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe hapa Kigali.

Mimi Mtanzania, nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, Kabeza. Sifa yangu ilikuwa usafi. Kila jioni naloweka mayai kwenye ndoo ya maji baridi, nasugua na kitambaa mpaka yang'ae. Wateja wananisifu, kichwa kikavimba.

Sasa, naimba besi kwenye kwaya moja Gikondo. Waimbaji mnaujua ule mtindo wa kumeza yai bichi ili sauti ilainike. Siku ya tamasha nikapeleka trei nzima, zawadi. Watu wakagonga, wakameza, tukaimba vizuri kweli.

Kesho yake simu zikaanza. Watu tisa wanaharisha, wana homa. Dada Consolée, soloist wetu, kalazwa na dripu, tena ana mimba ya miezi sita. Jamani, niliogopa!

Nani akalaumiwa? Mama Aline, anayetupikia mandazi. Watu wakaacha hata kumsalimia. Mimi kimya. Yai langu linang'aa bwana, litamdhuru nani?

Ila roho ikagoma kutulia. Siku ile mandazi nilikula matatu, yai sikumeza, na mimi ni mzima.

Nikamwita daktari wa mifugo, akapeleka kinyesi cha kuku na mayai maabara. Majibu yakaja: bakteria wa salmonella. Na kuku wenyewe wanadonoa kama kawaida, hata mafua hawana.

Daktari alipoiona ile ndoo akashika kiuno. "Karoli, hapa iko unaosha ama unaingiza?"

Akanieleza kwamba ganda lina utando wa kulilinda. Ukiloweka kwenye maji baridi utando unatoka, uchafu unanyonywa ndani, na maji yale yale yanaambukiza mayai yote. Kuku wote tukawaua na kuwafukia. Niliumia, lakini sikubishana.

Ijumaa, mazoezini, nikasimama mbele ya watu. "Ni mayai yangu. Mama Aline hana kosa. Mbabarira, mama, nisamehe."

Consolée alikuwepo, yeye na mimba yake salama, namshukuru Mungu. Watu wakaangalia chini.

Mama Aline akauliza, "Hiyo majibu ulipata lini?"

"Jumatatu."

"Na leo iko Ijumaa."

Akachukua mkoba wake akatoka.

Wakuu, sasa nimeanza upya na kuku waliochanjwa. Ndoo nimeitupa. Yai lenye vumbi nafuta na kitambaa kikavu, lenye kinyesi au ufa haliuzwi. Trei za karatasi zikitoka hazirudi bandani, na buti za bandani zinabaki bandani. Yai bichi simpi mtu, hata aniite mchoyo. Hapo siyumbi.

Na majibu yakitoka mabaya, nasema siku hiyo hiyo.

Wafugaji, nyie mayai machafu mnayafanyaje? Na kama kuna aliyewahi kunyamaza kama mimi, aseme hapa, nitasoma yote nikirudi. Natoka kwenda kwa Mama Aline. Mara mbili hajanifungulia, leo nabisha hodi tena.