Mshale wa Oili Uliposhuka Mlimani Fizi

Niliondoka Baraka kwa ajili ya mashine ya kusagia mihogo. Wamama wa kikundi cha kanisa kule Kilembwe, mbele ya Fizi, walikuwa wameingoja muda mrefu, na gari la kuvuta tela lililoibeba lilikuwa langu, pikapu ya dizeli ambayo injini yake ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa na kufungwa upya. Aliyeifunga ni Nestor, fundi Mrundi anayeishi katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda na kufanya kazi kwenye gereji moja ya wazi hapa Baraka. Wengi walimtilia shaka. Mama Riziki, mwenye malori mawili, aliniambia wazi kwamba anangoja safari yangu: gari likipanda Fizi na mzigo bila shida, atampa Nestor lori lake lililolala miezi mingi. Nestor hakuwa na kazi nyingine mbele yake. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua.

Jioni ya kabla ya safari nilifanya jambo moja kwa mkono wangu. Majira haya nyasi za njiani zinamwaga mbegu zinazoziba rejeta, kwa hiyo madereva wa kwetu hufunga kipande cha chandarua mbele yake. Wengi huweka tabaka moja. Mimi, kwa kuihurumia injini iliyofungwa upya, niliweka nne, nikakaza kamba, nikajiona hodari.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani, mimi na tela yangu. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri kabisa. Mshale wa joto ulikaa katikati na wa oili ulikuwa juu, nami niliimba.

Kupanda kulipoanza, niliacha kuimba. Gari lilikwenda polepole kwa gia ya kwanza, injini ikilia, na mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Hilo ningelielewa. Lakini mshale wa oili ulikuwa unashuka, na kila nilipoachia kidogo pedeli ya mafuta ulilala karibu kabisa na alama nyekundu. Nilisimama, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikangoja injini ipoe, kisha nikapima. Oili ilikuwa imejaa. Maji yalikuwa yamejaa. Chini ya gari hakukuwa na tone hata moja. Nilipowasha tena, mishale yote miwili ilikaa sawa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikwenda kidogo, ikarudia mchezo wake.

Saa nne nilifika Fizi, kwa tantine yangu Anjela, dada mdogo wa mama, ambaye nyumba yake iko kando ya barabara. Nilikuwa nimechanganyikiwa vibaya. Nilifungua tela nikazunguka mjini bila mzigo, na gari lilikuwa zima kabisa. Sasa ni ugonjwa gani huo unaokuja na mzigo na kuondoka na mzigo? Kila mpita njia alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema pampu ya oili imekufa. Mwingine alisema mshale ndio unaodanganya. Wa tatu, mwenye pikipiki, alinishauri nifungue injini palepale, na kwa kweli nilishika ufunguo wa boliti. Lakini lililokaa kichwani mwangu ni lile ambalo watu wa Baraka walikuwa wakilisema chini chini: fundi wa kambi.

Nikapiga simu. Nilimpigia Mama Riziki, nikamwambia injini inakufa na kwamba Nestor ameiharibu. Alinishukuru kwa kumjulisha. Baadaye ndipo nilipompigia Nestor, nikamsemea maneno ambayo siyaandiki hapa.

"Usifungue moteri," alisema. "Wacha inazunguka, chukua kikaratasi, weka mbele ya radiyateri. Feni iko inaivuta ao haivute?"

Niliona ananichezea. Mimi nazungumzia oili, yeye ananiambia habari za karatasi. Nilikata simu.

Mchana tantine alitoka na kichungio chake, unga wa muhogo umemjaa mikononi, akapita mbele ya gari. Alisimama, akainama, akavuta chandarua kwa kidole. Kilikuwa kimegeuka ukuta wa mbegu na vumbi.

"Hii mustikeri iko inalala na gari?" aliuliza akicheka. Kisha akanionyesha kichungio. "Mi nikichunga bunga, hii ikijaa, hakuna kitu inapita. We ulifunga ngapi?"

Nilimwambia nne. Hakucheka tena.

Niliwasha injini, nikaweka kipande cha karatasi mbele ya chandarua. Kilianguka. Nilikata kamba, nikatoa tabaka zote, nikaweka karatasi kwenye rejeta yenyewe, ikang'ang'ania pale kama imegundishwa. Basi nikaelewa, na aibu ikanishika. Mlimani, polepole na mzigo mzito, hakuna upepo wa kutosha ila ule unaovutwa na feni, na mimi nilikuwa nimeuzibia mlango. Injini ikapata moto, oili ikapata moto nayo, ikawa nyepesi kama maji, na oili nyepesi haina nguvu ya kuusukuma mshale. Nilikuwa naona magonjwa mawili, kumbe ni mmoja. Sikumpigia mtu simu tena; nilijiambia nitayaeleza yote nikirudi Baraka.

Kesho yake nilivuta tela hadi Kilembwe. Mshale wa oili haukushuka tena hata penye mwinuko mkali. Wamama waliipokea mashine kwa nyimbo, na niliona vigumu kucheza nao.

Siku ya tatu nilirudi Baraka, nikaenda moja kwa moja gereji. Nestor alifungua boneti, akasikiliza injini kwa muda, akauliza mishale ilisimama wapi njiani. Nilimweleza yote. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba lori la Mama Riziki lilivutwa jana, limepelekwa kwa fundi mwingine. Nilisema naenda kwake sasa hivi kumweleza ukweli.

"Kwenda, mi sikatale," alisema. "Lakini ile siku ulipigia Mama kwanza. Juu ya nini haukupigia mi kwanza?"

Nilifunga boneti, nikaondoka.

Mama Riziki alinisikiliza kwa adabu. Alisema injini yake tayari imefunguliwa vipande vipande, na hawezi kumnyang'anya mtu kazi aliyoianza. Sasa najua kuweka karatasi mbele ya rejeta kabla ya kushika ufunguo. Naijua pia hofu yangu inakimbilia wapi ikinishika: inakimbilia kwa mtu asiye na wa kumtetea. Gari langu ni zima. Nestor hakuja gereji wiki hii.