Jiko Lililomngoja Ofisa wa Kodi

Mwanangu, ipo siku moja pale Malaba ambayo sijaweza kuisahau, na Mungu anajua nimejaribu. Nilikuwa bado na nguvu za kuteremsha sufuria ya maharage peke yangu, si huyu unayemwona leo anaomba mkono ili ainuke kwenye kigoda. Usidhani ni zamani sana. Moto wa kuni humzeesha mtu upesi. Habari yenyewe nimechoka kuisema. Lakini nimesikia umenunua jiko la vidonge kwa ajili ya hoteli yako huko Busia, na kwamba unamngoja ofisa wa kodi aje kulitazama. Basi kaa. Chai ipo hapo, jimiminie mwenyewe.

Hoteli ilikuwa ya dada yangu mkubwa, Athieno, nami nilikuwa mpishi wake. Kibanda cha mabati tu, kando ya foleni ya malori. Madereva walikuwa wakingoja karatasi zao za mpakani, na katika kungoja huko ndiko tulikopata riziki: posho, yaani ugali, maharage, na samaki wa ziwani kutoka Majanji siku wakipatikana. Tulipikia kuni. Athieno alikuwa amekula moshi tangu usichana wake, na kifua kilikuwa kimekwisha. Akianza kukohoa, wateja walishika vijiko hewani wakimtazama. Daktari wa Tororo alimwambia bila kuzunguka, “Mama, acha kuni. Ukiendelea na moshi huu, hufiki mbali.”

Ndipo ikaja habari ya nafuu ya kodi. Mwenye hoteli akinunua jiko la kisasa, lile linalochoma vidonge vya pumba za mpunga na vumbi la mbao, gharama yake itapunguzwa katika kodi yake ya mwaka. Masharti hayakuwa magumu: risiti iwe na jina la biashara, na ofisa aje aone kwa macho yake kwamba jiko linapikia kweli. Athieno akauza ng'ombe wake, ng'ombe mmoja aliyekuwa naye, akanunua jiko. Akaniambia, “Mdogo wangu, nafuu ikipatikana, hoteli imepona na kifua changu kimepona. Isipopatikana, kodi itanikuta sina ng'ombe wala akiba.” Kwa hiyo elewa, halikuwa jambo la mchezo.

Sasa sikia ujinga wetu, maana ni ujinga wa nyumba nyingi huku kwetu. Si unajua tunavyonunua kochi tukaliacha na nailoni yake miaka, eti lisichafuke kabla mgeni hajaliona? Jiko lilipofika, Athieno aliliweka mahali pa heshima, akalifunika, akasema halitawashwa mpaka ofisa alione likiwa jipya, linang'aa. Nikamwambia, “Dada, si wanataka kuona linapika?” Akanikatiza. “Wewe unajua nini habari za ofisi? Serikali inapenda usafi.” Tukarudi nyuma ya kibanda kwenye mafiga yetu, tukapuliza kuni, na yeye akakohoa hapo hapo, jiko lake la ng'ombe mzima likiwa ndani limevaa nailoni. Lo! Hata leo nikikumbuka nashindwa kama nicheke au nilie.

Siku aliyotarajiwa ofisa ikakaribia, na mauti hayaangalii kalenda ya mtu. Akafariki mzee mmoja jirani yetu, mtu wa watu. Mila yetu unaijua, sina haja ya kukufundisha: mwenye hoteli huchukua vyombo vyake vikubwa akavipeleka kwenye matanga, na haulizwi, kwa sababu kesho ni kwake. Akaja Mama Nyachwo, dada wa marehemu, ndiye aliyesimamia mapishi. Mvua ilikuwa inanyesha siku hizo kama imetumwa.

“Athieno mama, tumekuja kwa masufuria,” akasema. “Na hilo jiko lako pia. Kuni zimelowa, watu ni wengi, na watoto wanalia njaa.”

Athieno akasema masufuria chukueni yote. Jiko, hapana, ofisa anakuja wakati wowote, asipolikuta hapa nimekwisha.

“Si akija utamleta kwetu? Ni hapo tu nyuma ya stendi. Ataliona likipikia kijiji.”

“Mama, ofisi haijui matanga.”

Mama Nyachwo alimtazama kidogo, akainua masufuria, akaenda zake. Hakugomba. Mimi ningependa kama angegomba, mwanangu. Mtu akigomba unajua bado anakuhesabu. Tukafunga hoteli kwa heshima ya msiba, tukaenda kupika pamoja na wenzetu chini ya turubai. Kuni mbichi, moshi mzito, wanawake wanalia, na hujui nani analia msiba na nani analia moshi. Athieno alikohoa mpaka wakamtoa nje kwenye mvua apate hewa. Hakuna aliyemtajia jiko. Na ofisa hakuja siku ile, wala kesho yake.

Alikuja baada ya mazishi, asubuhi tulipofungua. Kijana mpole, ana adabu, viatu vimejaa tope. Athieno akavua nailoni kwa mbwembwe. Ofisa akalizunguka jiko, akavuta trei ya majivu. Tupu, safi kama sahani. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa moto, kidole kikatoka kama kilivyoingia.

“Mama, hili unalipikia?”

“Kila siku, mkubwa.”

Na kule nyuma maharage yalikuwa yanachemka kwenye kuni, na harufu ya moshi iko puani mwa kila mtu. Saa hiyo hiyo akaingia Mama Nyachwo na wanawake wawili, wamekuja kurudisha masufuria yetu. Ofisa akawageukia, akawaamkia vizuri, akauliza, “Mama zangu, nyinyi ni majirani. Mmeona hili jiko likiwaka?”

Athieno alimtazama Mama Nyachwo kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena kwa mtu yeyote. Mama Nyachwo akatua sufuria chini polepole.

“Sisi tunasikia habari yake tu, mwanangu,” akasema. “Kuona, bado.”

Kijana hakuwa na ubaya. Alisema sheria inataka jiko linalotumika, ajaribu tena mwaka ujao. Mwaka ujao! Kodi ilikuwa inataka mwaka huu. Athieno alimfuata Mama Nyachwo mpaka barabarani, kati ya malori, akilia na kukohoa. “Mbona hukunisaidia? Neno moja tu!”

Mama Nyachwo akamshika mkono. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka, kama mimi nilivyochoka leo. “Binti yangu, ulitaka niseme uongo kwa jiko ulilonikatalia? Ungelileta siku ile, leo ningesema kweli mbele ya huyo kijana, na wale wote waliokula kwenye matanga wangesema nami. Kweli hiyo ndiyo uliyotunyima.”

Basi. Kodi ilipofika, Athieno akaliuza lile jiko kwa mama mmoja wa Busitema anayewapikia wanafunzi, na hoteli ikafungwa hata hivyo. Akarudi shambani, na kifua hakikumngoja sana. Dada yangu hakuwahi kunywa hata kikombe cha uji kilichopikwa kwenye jiko lake. Hilo ndilo linaloniuma, si ng'ombe, si hoteli.

Sasa wewe. Risiti weka jina la biashara, weka mahali pakavu. Hilo watakufundisha hata ofisini. Mimi nakufundisha lile ambalo hawaliandiki. Liwashe jiko leo. Liingie masizi, lijae majivu, lipikie watu wako, na pumzi yako ipone kwanza kabla ya hesabu za serikali. Wakija wa msiba, watolee, kisha mpigie simu ofisa umwambie kweli: jiko lipo kwa fulani, linapika, njoo tukupeleke. Akikataa, umekosa nafuu ya mwaka mmoja. Ukiwanyima majirani, siku ya kuulizwa habari zako utasimama peke yako. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nami nimeona moto ulioshindwa kuwaka.

Haya, nenda, jua linakwenda na mpaka una foleni. Mungu akupe pumzi ndefu na kifua chepesi. Ukiitwa kwenye msiba, miguu yako iwe ya kwanza kufika, na zikiulizwa habari zako mbele ya wakubwa, wawepo watu wa kusema, “Huyu tunamjua, tumekula kwake.” Amina, mwanangu.